Tanuri la Mkate na Historia ya Vifaa Vyake

Wahenga walisema, "Udongo uwahi ungali maji." Methali hiyo tuliikariri sote darasani kama funzo la malezi, na ni wachache kati yetu tuliokumbuka kuwa kabla ya kuwa funzo la malezi yalikuwa maneno ya kazi. Mfinyanzi na mfyatua matofali wanaijua maana yake hasa. Udongo usipopewa umbo ungali laini, haupati umbo tena. Na ukiingizwa motoni kabla ya kukauka, hupasuka. Ndani ya methali hiyo fupi umo ufundi wa maelfu ya miaka, na ufundi huo ndio ambao Kamati ya gazeti letu imeniomba niuandikie.

Jambo lenyewe ni tanuri la mkate, lile la matofali na kuni. Ndugu wasomaji mnafahamu kwa nini limezuka. Nyuma ya jiko la shule yetu lipo gofu la tanuri la namna hiyo, na kaka zetu waliosoma hapa miaka ya 1960 bado wanausimulia mkate wa Jumapili uliotoka humo. Katika mkutano mkuu uliopita wanachama waligawanyika pande mbili. Upande mmoja ulitaka gofu livunjwe na mahali pake pajengwe banda la saruji. Upande wa pili ulitaka lifufuliwe ili liwalishe mkate wanafunzi wote kila siku. Zaidi ya hayo, wenzetu kadhaa waliokaribia kustaafu wameuliza namna ya kujenga tanuri dogo katika ua wa nyumba zao. Mimi naona kuwa pande zote mbili za mkutano zimeteleza kidogo, na kwamba historia ya vifaa vya tanuri inaweza kutuonyesha njia ya tatu. Kwa hiyo nitakitazama kila kifaa, kilitoka wapi na kinafanya kazi gani, kisha nitatoa shauri langu.

JINA NA UMRI WAKE

Wengine hudhani kuwa tanuri ni kitu kilicholetwa na Wazungu. Jina lenyewe lakanusha dhana hiyo. Tanuri, tanuru au tanuu ni neno tulilolipata kwa Waarabu, wanaosema tannur, na lilikuwapo kabla ya Waarabu kuliandika, kwa kuwa Waakadi wa Mesopotamia, nchi ambayo sehemu yake kubwa leo ni Iraki, walikuwa na neno la asili hiyo hiyo. Wahindi nao wanalo, na chakula chao cha tanduri kimepata jina humo. Msomaji Mkristo amekutana na neno hilo katika kitabu cha Danieli, pale vijana watatu walipotupwa motoni. Msomaji Mwislamu amekutana nalo katika Sura ya Hud, katika habari za Nuhu na gharika. Basi tusiseme kuwa ni neno geni.

Tanuri hilo la kale ni chombo cha udongo kilichosimama wima kama mtungi mkubwa usio na shingo. Moto huwashwa chini, na mkate hubandikwa kwenye ukuta wa ndani. Watu wa pwani yetu walioka mkate wa mofa kwa namna hiyo, wakitumia unga wa mtama. Kadhalika mama zetu wa pwani wanapooka mkate wa kumimina huweka makaa chini ya sufuria na makaa mengine juu ya mfuniko. Mwenye kuielewa sufuria hiyo ameshaelewa tanuri, kwani siri yote ni moja: mkate upate moto juu na chini kwa wakati mmoja.

Tanuri la kuba, mfano wa lile gofu letu, linafanya kazi hiyo hiyo kwa njia nyingine. Moto huwashwa ndani yake, juu ya sakafu ile ile itakayopokea mkate. Matofali hulishwa joto kwa muda wa saa mbili hivi, kisha moto huondolewa, na mkate huokwa kwa joto lililobaki ndani ya matofali. Sakafu huuoka kwa kugusana nao, kuba huuoka kwa mnururisho kutoka juu, na hewa ya moto huzunguka ubavuni. Warumi wa kale walilijua vizuri. Mji wa Pompeii huko Italia ulipofunikwa na majivu ya volkano mwaka 79, ulikuwa na viwanda vya mikate zaidi ya 30. Mwaka 1862 wachimbuzi wa mambo ya kale walifungua tanuri moja wakakuta mikate 81 ingali ndani yake. Mikate ilikuwa imekuwa makaa, lakini matanuri ya mji ule yangali yamesimama, na wageni huyatazama hadi leo.

Kumbukeni mwaka huo wa 79. Saruji tuliyoizoea, iitwayo Portland, ilipewa hati ya uvumbuzi huko Uingereza mwaka 1824, kwa jina la Joseph Aspdin. Yaani kwa zaidi ya miaka 1,700 baada ya Pompeii watu walijenga matanuri bila ya mfuko hata mmoja wa saruji hiyo.

MATOFALI

Tofali la kuchoma nalo ni la kale. Katika bonde la mto Indus, miji ya Harappa na Mohenjo-daro ilijengwa miaka kama 4,500 iliyopita kwa matofali yaliyofuata kipimo kimoja: kimo kimoja, upana mara mbili ya kimo, na urefu mara nne. Kipimo hicho kina faida ambayo fundi yeyote wa kwetu anaijua, kwamba matofali mawili yakilazwa sambamba yanalingana na urefu wa tofali moja, na kwa hiyo ukuta hufungana kila upande.

Katika nyanda zetu za kusini ujenzi wa matofali ya kuchoma ulienea sana pamoja na misheni. Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898. Misheni yao iliteketezwa katika vita vya Maji Maji mwaka 1905, wakaijenga upya, na warsha zao za uashi na useremala zikawafundisha vijana wengi wa Songea na kwingineko. Ng'ambo ya ziwa Nyasa, mjini Blantyre, kanisa la Mtakatifu Mikaeli na Malaika Wote lilijengwa kati ya mwaka 1888 na 1891. Msimamizi wake, David Clement Scott, alikuwa mchungaji asiyesomea usanifu wa majengo, na waliofyatua, waliochoma na waliopanga matofali yake ya maumbo mengi walikuwa wenyeji wa pale. Kanisa hilo lina matao na kuba, na lingali linatumika. Vitabu vimehifadhi jina la mchungaji. Majina ya wafyatuaji ni nadra kuandikwa. Hili tulikumbuke tunapozungumza juu ya kulivunja gofu letu, kwa maana matofali yale nayo yalifyatuliwa na watu.

Kwa faida ya wadogo zetu walioko madarasani, nieleze jinsi tofali linavyopatikana. Udongo mzuri ni ule wa mfinyanzi uliochanganyika na mchanga kidogo. Wazee wengi hupendelea udongo wa kichuguu, nao wana hoja: mchwa hupandisha chembe laini kutoka chini ya ardhi na kuzigandisha pamoja, hivyo fundi hukuta kazi ya kuchekecha imekwisha kufanywa. Udongo hulowekwa, hukanyagwa kwa miguu mpaka uwe kama ugali mzito, kisha hutiwa katika kibao cha kufyatulia. Matofali mabichi hufunikwa kwa nyasi yakauke polepole kwa wiki mbili au zaidi. Baada ya hapo hupangwa kuwa tanuru, likiachwa na mahandaki ya moto chini, likakandikwa udongo nje, na kuchomwa usiku na mchana kwa siku kadhaa. Joto linalotakiwa linakaribia nyuzi 900 hadi 1,000 za Selsiasi. Kisha huachwa lipoe bila ya haraka.

Si kila tofali linalotoka humo linafaa kujengea tanuri la mkate. Yale ya nje kabisa aghalabu hayakuiva, na yakilowa humong'onyoka. Yale yaliyokuwa mdomoni mwa moto huwa yameiva kupita kiasi, yameng'aa kama kioo, hayashikani na udongo na hupasuka yakipata joto la ghafla. Chukua ya katikati. Gonganisha mawili: yakilia kama kengele ni mazuri, yakilia kama kibuyu ni mabichi. Loweka moja katika ndoo usiku kucha. Likiwa zima asubuhi, linakufaa. Zamani hizo hizo majaribio hayo mawili ndiyo yalikuwa maabara yetu, na hadi leo hayajapitwa na wakati.

CHOKAA NA KUBA ZA PWANI

Huenda mtu akasema kuwa kuba ni ufundi mgumu wa ng'ambo. Na aende Kilwa Kisiwani. Msikiti mkuu wa pale ulipanuliwa katika karne ya 14, na mafundi waliuezeka kwa kuba na matao ya mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Kuba yake kubwa haikupata mpinzani katika Afrika Mashariki mpaka karne ya 19. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981.

Chokaa ya majengo hayo ilichomwa papo hapo pwani. Magogo hupangwa kwa duara, rundo la matumbawe huwekwa juu yake, na moto huwashwa. Jiwe la chokaa likifikia joto la nyuzi 900 hivi hutoa hewa ya ukaa, na kinachobaki ni chokaa kali inayochemka ikiguswa na maji. Hapo huzimuliwa kwa maji au kuachiwa mvua, tena kwa muda mrefu, kwa kuwa donge lisilozimuka likiingia katika ukuta litavimba baadaye na kuubomoa. Chokaa ikishatumika huendelea kuvuta hewa ya ukaa kutoka angani, na mwaka hadi mwaka hurudi kuwa jiwe. Huu ndio ufafanuzi wa kuta za Kilwa kusimama.

Katika tanuri la mkate chokaa ina nafasi yake, lakini ni nafasi ya nje. Yafaa kwa lipu ya nje inayozuia mvua, kwa sababu hupitisha mvuke. Ndani, mahali pa moto mkali, kiungo bora ni udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga wa mto. Tena nasema mchanga wa mto, kwani mchanga wa baharini una chumvi, na chumvi huvuta unyevu.

SARUJI NA UDONGO

Sasa nifike kwenye neno lililotugawa mkutanoni. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill karibu na Dar es Salaam kilianza uzalishaji mwaka 1966, na kile cha Tanga kikafuata mwaka 1980. Hapana shaka kuwa saruji imetujengea madaraja, mabwawa na hospitali, wala mimi siipingi. Bali ilikuja na tabia moja. Watu walianza kuona aibu kujenga kwa kitu kingine.

Mwalimu Nyerere aliligusa jambo hilo mwaka 1977, alipotathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha. Alieleza kuwa ule uraibu wa saruji na mabati ni namna ya kupooza kwa fikra: saruji yenyewe kwa asili ni udongo, ila kwa kuwa watu wameihesabu kuwa udongo wa Ulaya, wanakataa matofali ya kuchoma na vigae, na wapo radhi kungoja kuliko kujenga kwa udongo ulio chini ya miguu yao. Miaka kumi kabla ya hapo, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka kila shule iwe na shamba au karakana ambapo mwanafunzi atajifunza kwa kufanya. Shule nyingi zilifyatua matofali yao wakati huo. Majengo kadhaa tuliyosomea sisi tuliokuja baadaye yalitoka katika mikono ya wanafunzi wa miaka ile.

Katika tanuri la mkate hoja hii si ya siasa tu, ni ya kemia. Saruji hushikana kwa sababu ina maji yaliyofungwa ndani ya chembe zake. Joto likipita nyuzi 300 maji hayo huanza kutoka na nguvu ya saruji hupungua. Likikaribia nyuzi 450 sehemu ya chokaa iliyomo huvunjika kabisa. Sasa kuba ya tanuri huweza kupata nyuzi 400 na zaidi kila linapowashwa. Nimelichunguza gofu la shule kwa makini. Kiungo chake cha awali ni udongo na mchanga, nacho kingali kimeshika. Mahali palipofunguka ni mdomoni, ambapo mtu fulani aliziba ufa kwa saruji. Saruji ilikuwa ngumu kuliko matofali yaliyoizunguka, haikutanuka pamoja nayo, ikabanduka na vipande vya matofali. Wahenga walituagiza tuzibe ufa, lakini hawakusema uzibwe kwa chochote kile.

JINSI YA KUJENGA

Kwa mwenzetu anayetaka tanuri la ua wa nyumba, kipimo cha kutosha ni kipenyo cha ndani cha mita 1. Kimo cha kuba kiwe sentimita 45. Kimo cha mlango hufuata kimo cha kuba, kwa kanuni ya asilimia 60 hadi 65. Kwa hiyo mlango uwe sentimita 28. Kanuni hii haikutungwa kwa urembo. Hewa safi huingia chini ya mlango na moshi hutoka juu ya mlango huo huo. Mlango ukiwa mrefu mno joto hukimbia; ukiwa mfupi mno moto hukosa pumzi. Gofu letu limeitii: mlango wake ni sentimita 45, na alama za ukutani zinaonyesha kuwa kuba ilikuwa na kimo cha sentimita 71. Gawanyeni wenyewe muone.

Chagua mahali palipo mbali na nyumba na miti, pasipopokea upepo mdomoni. Jenga jukwaa la mawe au matofali hadi kimo cha kiuno. Juu yake weka tabaka la kuzuia joto lisipotee chini, lenye unene wa sentimita 10. Hapa ndipo vitu vya kutupwa hupata thamani: majivu yaliyochekechwa na kuchanganywa na udongo kidogo, au chupa tupu zilizolazwa katika mchanga. Kule Rungwe yapo mawe mepesi ya volkano, yenye matundu kama sifongo, ambayo ni bora zaidi. Kenya, huko Kariandusi karibu na Gilgil, huchimbwa diatomaiti, mwamba mweupe mwepesi ambao nao huzuia joto.

Juu ya tabaka hilo tandaza mchanga mwembamba, kisha upange matofali ya sakafu yakiwa yamebanana, bila ya kiungo chochote kati yake. Yakipata joto yatahitaji kutanuka, na siku moja ikipasika tofali moja utalitoa peke yake. Kisha rundika mchanga wenye unyevu juu ya sakafu, uuchonge uwe na umbo la kuba, uufunike kwa magazeti yaliyoloweshwa. Panga nusu matofali kuuzunguka, safu juu ya safu, kichwa cha kila tofali kikitazama ndani na kila kiungo kikiwa chembamba. Tofali la mwisho la kileleni hugongwa taratibu likaze. Kwa tofali la sentimita 23 kwa 11 kwa 7, kuba, sakafu na tao la mlango vitakula matofali kama 200, mbali na yale ya jukwaa. Bomba la moshi usilitoboe kileleni. Liweke mbele, nje kidogo ya mlango.

Kiungo kikishashika, baada ya siku kadhaa, ukokote mchanga kupitia mlangoni. Funika kuba kwa tabaka jingine la majivu na udongo, kisha lipu ya chokaa. Halafu ngoja. Washa moto mdogo wa vijiti siku ya kwanza, na uuongeze kidogo kidogo kwa wiki nzima. Unyevu uliomo ukutani ukigeuzwa mvuke kwa haraka utalipasua tanuri jipya, kama vile tanuru la matofali mabichi linavyopasuka.

Siku ya kuoka, washa moto katikati ya sakafu. Mwanzoni kuba itakuwa nyeusi kwa masizi. Masizi yakiungua yote na matofali yakaonekana meupe tena, joto limetosha. Toa makaa, pangusa sakafu kwa kitambaa kibichi kilichofungwa kwenye mti, funga mlango kwa muda ili joto lisambae. Kisha nyunyiza unga kidogo sakafuni: ukigeuka mweusi mara moja, bado ni kali, ukiwa kahawia polepole, ingiza mkate. Baada ya mkate waweza kuoka viazi au nyama, na usiku kucha joto lililobaki litakupikia sufuria ya maharage bila ya ukuni mwingine.

KUNI

Nimeacha kuni mwisho kwa kusudi, kwa sababu ndilo jambo zito kuliko yote. Udongo ukichimbwa bado upo. Kuni zikichomwa hazipo. Bandu bandu huisha gogo.

Hebu tufanye hesabu ya darasani. Tanuri la mita 1 hubeba mikate kama 12 ya nusu kilo kwa mkupuo, na moto mmoja hutosha mikupuo miwili, yaani mikate 24. Moto huo hula kuni kavu kama kilo 20. Sasa chukueni shule yenye wanafunzi 800, kila mmoja apewe robo ya mkate. Ni mikate 200 kila siku. Hiyo ni mioto tisa, au kilo 180 za kuni kwa siku. Kwa familia ya watu saba inayooka mara moja kwa juma, tanuri ni starehe yenye kiasi. Kwa shule nzima, kila siku, ni msitu.

Mimi ni mtumishi wa serikali, na sina budi kuwakumbusha wenzangu jambo ambalo halikutajwa mkutanoni. Serikali iliziagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kutumia kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024. Mwaka huo huo ulizinduliwa mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikisha Watanzania asilimia 80 kwenye nishati hiyo. Kulifufua tanuri la kuni kwa ajili ya kulisha shule nzima ni kumpa Mkuu wa Shule mzigo wa kuvunja agizo. Tusimfanyie hivyo.

Kwa mwenye tanuri la nyumbani, kuni njema hazitafutwi msituni. Yapo mabanzi ya viwanda vya mbao, na sisi wa nyanda za kusini tunayaona yamerundikwa kuzunguka shamba la miti la Sao Hill, Mufindi. Yapo matawi yanayopogolewa kutoka miembe na miparachichi. Ziwe kavu, kwa maana kuni mbichi hutumia joto lake kujikausha zenyewe. Lakini jihadharini na vipande vya nguzo za umeme na mbao zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani. Dawa hiyo ni sumu, na moshi wake utaingia katika mkate.

SHAURI LANGU

Kwa hayo yote naomba mkutano ujao ufikirie mambo matatu.

Kwanza, gofu lisivunjwe. Ni kitabu kisichoandikwa kwa wino, na mwanafunzi wa fizikia, wa kemia na wa historia wanaweza kukisoma pamoja. Mnururisho wa joto, utanukaji wa vitu vigumu, asilimia ya mlango na kuba, yote yamo humo.

Pili, likarabatiwe kwa vifaa vyake vya asili: udongo, mchanga wa mto, na matofali yaliyochaguliwa kwa kugonganishwa. Saruji iliyozibwa mdomoni itolewe. Kazi hiyo ifanywe na wanafunzi wa sasa wakiongozwa na wafyatuaji wa kijiji jirani, ambao walipwe kama walimu wanavyolipwa, na majina yao yachapwe katika gazeti hili. Fedha zinazohitajika ni ndogo mno kuliko zile zilizotajwa kwa ajili ya banda la saruji. Zitakazobaki zisaidie jiko la shule lihamie kwenye gesi, na huko ndiko mkate wa kila siku utakakookwa.

Tatu, tanuri liwashwe mara moja kwa mwaka, siku ya mkutano wetu, kwa kuni za mabanzi na matawi tu. Mikate 24 haitatushibisha sote, lakini itatosha kila mmoja apate kipande, mkubwa na mdogo, na anayekipokea aelezwe tofali lilitoka wapi na ukuni ulitoka wapi.

Ndugu zangu, kaka zetu waliotutangulia hawakutuachia tanuri peke yake. Walituachia pia vilima vilivyobaki vipara kwa ajili ya kuni zake. Urithi wa kwanza tuutunze kwa furaha. Wa pili tuulipe kwa kupanda miti. Ombi langu kwa Kamati ni kwamba shauri hili liingizwe katika ajenda, lijadiliwe kwa uwazi, na lipigiwe kura kabla mvua za masika hazijaifikia ile kuba iliyo wazi.